Megahezi 700 za Wapi? Kisa cha simu za ushirika zilizopoteza intaneti baada ya mnara kuboreshwa

Usuli

Ushirika unaozungumziwa hapa unakusanya maziwa ya wafugaji wadogo katika Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania. Jina lake, wilaya, mtandao wa simu uliohusika na muuzaji wa simu nimeviondoa, na idadi nimezizungusha kidogo, kama tulivyokubaliana na uongozi. Niliitwa kama fundi wa mawasiliano, mambo yakiwa yameshaharibika.

Kazi yenyewe ni ya alfajiri. Kati ya saa 12 na saa 3 asubuhi wafugaji wanafika kituoni na ndoo zao. Karani anatumbukiza laktomita kuhakikisha maziwa hayajaongezwa maji, anapima lita, kisha anaingiza namba ya mfugaji na lita zake kwenye programu ya simu. Rekodi inakwenda ofisini mjini, na mfugaji anapokea ujumbe mfupi kwenye simu yake. Malipo hufanyika kila baada ya wiki mbili kwa kufuata rekodi hizo. Rekodi isipofika, lita hazipo, na fedha ya mfugaji haipo.

Kuna mambo mawili ya kuyajua kabla ya kuingia kwenye kisa.

La kwanza ni masafa. Tanzania ilianza kuzima matangazo ya televisheni ya analojia Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na masafa yaliyoachwa na televisheni yakawa mali kwa kampuni za simu. Juni 2018 TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, ilipiga mnada masafa ya megahezi 700. Vodacom Tanzania na Azam Telecom kila mmoja alipata vipande viwili vya megahezi 10 kwa takriban dola milioni 10. Oktoba 2022 ukafanyika mnada mwingine, safari hii wa 700, 2300, 2600 na 3500. Kampuni haitoi fedha hizo kwa ajili ya fahari. Mawimbi ya chini yanafika mbali na yanapenya kuta na miti vizuri zaidi. Ukipiga hesabu ya uwanda wazi, tofauti kati ya 700 na 1800 ni kama desibeli 8, yaani mawimbi yanakufikia yakiwa na nguvu zaidi ya mara sita kwa umbali uleule. Kwa vijiji vilivyotawanyika kwenye vilima, hiyo ndiyo tofauti kati ya mnara mmoja na minara mitatu. Ndiyo maana mjini 4G hubebwa zaidi na 1800 na masafa ya juu yake, na vijijini inategemea sana 700 na 800.

La pili ni kwamba minara ya vijijini haikai kama ilivyojengwa. Mei 2023 serikali, kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ilisaini mikataba na kampuni za simu ya kujenga minara 758 vijijini, na iliyokuwapo nayo imekuwa ikiongezewa nguvu kutoka 2G na 3G kwenda 4G. Kila mnara unapoguswa kuna simu zinazofaidika, na pengine kuna zinazoumia. Hili la pili watu hawaambiwi.

Ununuzi

Ushirika ulihitaji simu janja 40: simu 26 za makarani wa vituoni na 14 za wakusanyaji wanaopita na pikipiki. Simu mpya za Kariakoo zenye sifa walizotaka zilizidi bajeti. Akatokea muuzaji wa simu zilizotumika kutoka Marekani, safi, zenye jina kubwa, kioo kizuri, chaji inayokaa, na kwa karibu theluthi mbili ya bei. Zilishafunguliwa loki, zinaingia laini yoyote.

Kamati ya manunuzi haikulala, na hilo lazima lisemwe. Walipiga *#06# wakatuma IMEI, yaani namba ya utambulisho ya kila simu, kwenda 15090 kama TCRA inavyoelekeza, na majibu yakasema simu ni halali. Waliuliza kama zina 4G, wakajibiwa ndiyo. Kijana mmoja wa ofisini, aliyekuwa amesoma kwamba vijijini 4G iko kwenye 700, akauliza swali zuri zaidi: je, zina megahezi 700? Muuzaji akaonyesha karatasi ya sifa. Kweli, 700 ilikuwepo. Kisha wakaweka laini, wakafungua video ofisini, ikacheza bila kukwama. Wakalipa.

Mambo yalivyokwenda

Kwa takriban miezi mitatu hakukuwa na malalamiko makubwa. Vijijini simu mara nyingi zilisoma H, yaani 3G, na rekodi ya maziwa ni maneno machache na picha ya ndoo. 3G inaibeba bila shida. Wachache walilalamika kwamba wakipigiwa simu programu inasimama, lakini lilionekana jambo dogo.

Kisha mafundi wa mtandao wakapita na magari kwenye barabara inayounganisha vituo vingi. Wiki hiyohiyo wanakijiji wakaanza kufurahi: simu zao za bei ndogo zikasoma 4G kwa mara ya kwanza. Simu za ushirika zikasoma E, yaani 2G.

Makarani wakaanza kupiga simu ofisini asubuhi: "Bosi, simu inapiga vizuri kabisa, ila mzigo hauendi." Maneno hayo yalipaswa kuwa dalili. Badala yake yalipoteza kila mtu, kwa sababu mtu akikupigia na mkaongea vizuri unaamini mtandao upo na simu ni nzima. Wakaanza kumtafuta mchawi mahali pengine.

Aliyelaumiwa kwanza ni mtengeneza programu. Akapunguza ukubwa wa picha za ndoo, kisha akaziondoa kabisa. Kidogo ikasaidia. Halafu wakabadilisha laini, wakidhani zimechoka. Baadaye wakahamia mtandao mwingine katika vituo kadhaa. 4G ya mtandao huo eneo lile ilikuwa kwenye megahezi 800, na simu zikabaki vilevile. Malalamiko yakapelekwa kwa mtoa huduma wa kwanza, naye akajibu kwamba mnara unafanya kazi sawasawa na wateja wa eneo hilo wanapata 4G. Jibu lilionekana la dharau. Lilikuwa kweli.

Wakati huo madhara yalikuwa yanajengeka kimya kimya kwenye hesabu. Kwenye E programu ilituma rekodi, seva ikaipokea, lakini jibu la "imepokelewa" likachelewa kurudi hadi muda wa kusubiri ukaisha. Karani akaona maandishi mekundu ya kushindwa, akabonyeza Tuma tena, na pengine tena. Seva ikaandika lita 8 mara mbili, mara tatu. Kwa mfugaji aliyekuwa nyuma yake foleni, rekodi haikutoka kabisa, na karani kwa haraka ya asubuhi akasonga mbele. Siku ya malipo ilipofika, wengine walikuwa na maziwa ambayo ng'ombe wao hawakuyatoa, na wengine walikuwa na sifuri. Ofisi ikasimamisha malipo ili kuhakiki.

Kilichoonekana kituoni

Nilikwenda kwenye kituo kilichokuwa na malalamiko mengi. Karani wake ni mama wa makamo, na ndiye aliyeshika ufunguo wa jambo hili bila kuambiwa na mtu. Baada ya shikamoo na marahaba akaniambia: "Mwanangu, mimi nikitaka kazi iende natumia simu ya binti yangu." Akaitoa mfukoni, simu ndogo ya bei ya chini, kioo kina ufa.

Tukaiweka juu ya meza kando ya simu ya ushirika. Laini ileile ikatolewa huku ikaingizwa kule. Simu ya binti: 4G, vipande vitatu. Simu ya ushirika: E, vipande vitano. Vipande vitano vya E humdanganya mtu kirahisi, maana vinaonyesha nguvu ya mawimbi, havionyeshi upana wa njia.

Nikapiga *#*#4636#*#* kwenye simu ya binti, ukafunguka ukurasa wa taarifa za simu, na namba ya chaneli ya 4G ikaangukia kati ya 9210 na 9659. Hiyo ni safu ya bendi 28 na si nyingine; bendi ni kipande cha masafa kilichopewa namba yake. Simu ya ushirika haikuona chaneli yoyote ya 4G. Namba yake ya modeli, iliyoandikwa kwa herufi ndogo mgongoni, ilikuwa ya toleo la soko la Marekani, na orodha rasmi ya bendi za toleo hilo ilimaliza ubishi: upande wa 700 ilikuwa na bendi 12, 13 na 17. Haikuwa na 28. Haikuwa na 20, ambayo ndiyo 800 ya mtandao wa pili.

Hapa ndipo swali la yule kijana lilipomponyoka. "700" ni jina la mtaa, na nyumba zina namba zake. Bendi 28, inayotumika kwetu, simu inatuma kwenye megahezi 703 hadi 748 na mnara unatuma kwenye 758 hadi 803. Bendi 12 ya Marekani simu inatuma kwenye 699 hadi 716, na mnara kwenye 729 hadi 746. Bendi 13 imegeuzwa kabisa: mnara uko chini, 746 hadi 756, na simu iko juu, 777 hadi 787, yaani katikati ya eneo ambalo bendi 28 imelitengea mnara. Zote zinaitwa 700, na muuzaji hakusema uongo.

Ilibaki 3G, maana simu zilikuwa zikiisoma kabla ya mafundi kupita. Mhandisi mmoja wa mtoa huduma, aliyekubali kukaa nasi, alieleza kwamba kwenye minara ile 3G ya megahezi 2100 ilizimwa, ikawekwa 3G ya 900 ili ifike mbali zaidi, pamoja na 4G ya 700. Kwa mtandao huo ni uamuzi wa busara. Simu za toleo lile zilikuwa na 3G ya 850, 1700, 1900 na 2100, lakini si 900. Zilipoteza njia pekee ya 3G zilizokuwa nayo na hazikupata ile mpya ya 4G. Zikabaki na 2G, ambayo karibu kila simu duniani inaielewa, na ndiyo maana zilipiga vizuri kabisa.

Maamuzi na sababu zake

Wazo la kwanza mezani lilikuwa kumtafuta fundi wa "kuwasha bendi". Wapo wanaoahidi hivyo, na chipu ya modemu mara nyingi inaijua bendi 28 hata kwenye toleo la Marekani. Nilipinga kwa nguvu. Kati ya modemu na antena kuna machujio madogo yaliyotengenezwa kwa masafa maalumu. Mtengenezaji asipoweka chujio la bendi 28 ili kuokoa gharama, hakuna programu itakayoliotesha. Ukilazimisha, simu au haitashika kitu au itatuma uchafu kwenye masafa ya wengine, na una hatari ya kuua simu nzima.

Wazo la pili, kununua vikuza mawimbi vya dukani, lilikufa haraka. Kifaa hicho hakitakiwi kuwashwa bila ridhaa ya mwenye masafa na TCRA, na isitoshe kinakuza mawimbi ambayo simu bado haiyaelewi.

Uongozi ukaamua kuzigawa simu kwa mujibu wa mahali zinapotumika. Vituo vyenye umeme au sola vikapewa rauta ndogo za betri zilizothibitishwa kuwa na bendi 28 na 20, na simu zilizopo zikaunganishwa kwa Wi-Fi. Ilikuwa rahisi kuliko kununua simu mpya. Wakusanyaji wa pikipiki hawawezi kubeba vifaa viwili huku mikono imeshika madumu, kwa hiyo wao wakanunuliwa simu mpya 14, na hakuna iliyolipiwa kabla haijapelekwa kwenye kituo kibaya kuliko vyote. Simu 14 zilizobadilishwa zikarudi ofisini na kwenye duka la mjini, ambako 1800 ipo na zinafanya kazi vizuri.

Mtengeneza programu naye akaagizwa mambo mawili niliyoyaona ya haraka kuliko hata simu: programu ihifadhi rekodi kwenye simu na kuituma yenyewe mtandao unapopatikana, na kila rekodi ipewe namba ya kipekee palepale kituoni, ili seva ikiipokea mara tatu iiandike mara moja.

Kulikuwa na pendekezo la kuwauzia wafugaji simu zilizobaki bila kazi ili kurudisha fedha. Mwenyekiti alikataa, na nilimheshimu kwa hilo: walewale waliokosa malipo wangenunua tatizo.

Matokeo

Rekodi zilianza kufika asubuhi ileile. Rekodi zilizojirudia ziliisha siku programu mpya ilipowekwa, kabla hata ya rauta zote kufika. Uhakiki wa malipo ulifanywa kwa daftari. Bahati njema makarani wengi hawakuwa wameacha kuandika kwa kalamu hata baada ya kuambiwa haihitajiki tena. Vituo vitatu ambavyo daftari halikuwepo vililipwa kwa makubaliano, na nina hakika baadhi ya wafugaji walipunjwa.

Rauta zilileta matatizo yake. Msimu wa mawingu sola ndogo hazikutosha, na kuna karani aliyeona bando limeisha katikati ya wiki kwa sababu vijana wa jirani walijua nywila. Kifedha, akiba iliyopatikana kwenye simu za Marekani ilimezwa yote na rauta pamoja na simu 14 mpya.

Uchambuzi

Watu wengi wakisikia kisa hiki husema kosa ni kununua simu zilizotumika. Sikubaliani nao. Zipo simu zilizotumika kutoka Ulaya au Uarabuni zenye bendi 20 na 28 zote mbili, na zipo simu mpya kabisa za bei ya chini zisizo na bendi 28. Kilichoamua hapa ni toleo la soko. Jina lilelile la simu huuzwa kwa matoleo manne au matano, kila moja na bendi zake, na kinachoyatofautisha ni namba ya modeli. Jina lililoandikwa kwenye boksi halitoshi.

Jaribio la ofisini ndilo lililoumiza zaidi, kwa sababu liliwapa ujasiri. Video iliyocheza mjini ilipita kwenye bendi 3, ile ya 1800, ambayo simu hizo zilikuwa nayo. Jaribio lilikuwa sahihi kwa mtu wa ofisini. Kwa karani wa mlimani halikusema lolote. Kama simu moja tu ingepandishwa kituoni kwanza na kuwekwa kwenye 4G peke yake kupitia mipangilio, ingejulikana kwamba 3G ya 2100 ndiyo pekee inayoibeba. Siku ile 4G haikuwepo bado, kwa hiyo jaribio lisingefaulu kwa simu yoyote, lakini lingeibua swali: 4G ikija hapa, itakuja kwenye bendi gani? Mtoa huduma alilijua jibu miezi kabla.

Uhakiki wa IMEI nao ulieleweka zaidi ya uwezo wake. Mfumo wa 15090 ulikuja na vita dhidi ya simu bandia, zile zilizozimwa Juni 2016. Unakuambia simu si bandia. Haukuambii kama itaelewana na mnara wa kijijini kwako, na haujawahi kuahidi hivyo.

Mtoa huduma nimemwelewa, ila simwachii hivihivi. Kuhamisha 3G kutoka 2100 kwenda 900 na kuweka 4G ya 700 kuliwafaa wateja wengi. Lakini anajua, kutokana na IMEI zinazojiandikisha kwenye mnara, ni simu zipi hazina bendi anazoziwasha. Ujumbe mmoja kwa laini hizo wiki mbili kabla ungeokoa miezi ya kutafuta mchawi. Katika nchi zilizozima 3G, kama Marekani mwaka 2022 na Australia mwaka 2024, wateja wenye simu zisizofaa walitumiwa taarifa mapema. Kwa kuwa hapa haikuwa kuzima 3G bali kuihamisha tu, hakuna aliyeona haja.

Lile lalamiko dogo la mwanzoni, kwamba ukipigiwa programu inasimama, lilikuwa na uzito wake pia. Simu nyingi za matoleo ya nje hazina mipangilio ya kupiga simu kupitia 4G kwenye mitandao yetu, hata kama zina uwezo huo kwa mitandao ya kwao. Simu ikiingia inashushwa kwenye 3G au 2G, na kwenye 2G data hukatika hadi mazungumzo yaishe. Leo ni usumbufu wa dakika chache. Mtandao ukija kuzima 3G, na baadaye 2G, simu ya aina hiyo itabaki na intaneti isiyoweza kupiga simu.

Ushirika sasa una fomu ya ununuzi ya ukurasa mmoja. Inataka namba kamili ya modeli, na kwa maandishi kutoka kwa muuzaji: 4G bendi 3, 20 na 28, na 3G bendi 1 na 8, yaani 2100 na 900. Inataka simu ya mfano ikae siku nzima kwenye kituo kilicho mbali zaidi na mnara, mikononi mwa karani wa hapo. Na kila Januari katibu anamwandikia mtoa huduma kuuliza ni minara ipi ya eneo lao itaguswa mwaka huo na itawashwa bendi zipi. Mwaka wa kwanza alijibiwa baada ya wiki sita, akapewa orodha ya minara bila bendi. Ameandika tena.